Mwalimu Aliyepaka XML Rangi

Mwalimu alikuwa anapaka XML rangi. Si kwenye skrini, kwenye karatasi. Anaprinti faili lote, kurasa kumi na saba, anazitandaza mezani kama mtu anayeanika ndengu, halafu anatoa krayoni. Krayoni za watoto wa nasari, zile za sanduku lenye picha ya tembo. Kijani ni mama. Nyekundu ni mtoto. Bluu ni kituo cha afya. Anapaka lebo moja moja, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Huyu ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mzee wa kanisa, aliyefundisha hesabu sekondari mpaka wakampa saa ya ukutani wakamwambia aende apumzike.

Hakupumzika. Saa ya ukutani aliitundika kwenye chumba alichokodi nyuma ya agrovet moja, duka la dawa za mifugo, pale Sultan Hamud, akaandika mlangoni kwa chaki: JAVA INAFUNDISHWA HAPA. Java ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lakini kwa mwezi mzima watu walidhani ni dawa mpya ya kupe. Kuna mzee alikuja na kibuyu akitaka lita mbili.

Mimi sikuenda kutafuta Java. Nilitumwa na mama yangu kutoka Malili nikanunue dawa ya kuku, mtoto mgongoni, jua la saa saba. Mwenye agrovet, akiwa anapima dawa, akaniuliza, "Na mzee wako yuko wapi, mbona unatembea na mtoto mdogo hivi peke yako?" Basi nikamweleza. Nilimweleza mzee wangu yuko wapi, na yeye mwenyewe angefaa kwenda wapi, na dawa yake ya kuku angeiweka wapi. Wateja wakaweka vitu chini wasikize vizuri.

Pazia la nyuma likafunguka. Kichwa cha mvi, miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso.

"Nani anapiga kelele kwa mpangilio mzuri hivyo?"

"Ni mimi."

"Hesabu ulipata nini Form Four?"

"B."

"Na huyo wa mgongoni?"

"Yeye bado hajafanya mtihani."

Alicheka mpaka miwani ya juu ikaanguka ikakutana na ya chini. "Ingia," akasema. "Hasira ya namna hiyo isipopewa kazi itachoma duka la watu."

Nilikuwa na hasira, sikatai. Bado niko nayo. Baba ya mtoto alishika barabara ya Mombasa akisema anaenda kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo anaitafuta. Mtoto nikamwita Mwende, jina la mama yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike huitwa kwa jina la nyanya wa upande wa baba, na akina mama wa kanisa wakauliza mbona nimeruka upande ule. Nikawaambia upande ule hakuna mtu. Wakasema mtoto atakuwa hana kwao. Nikawaambia kwao ni pale wanapoona nepi zimeanikwa. Wakaacha kunisalimia, nami nikapata muda wa kusoma Java.

Tulikuwa wanafunzi watano, wakati mwingine wawili. Mwalimu alitaka tulipe kwa kufagia na kuleta maji, na ukikosa siku moja bila kumwambia anakuja mpaka kwenu. Alikuja kwetu Malili mara moja. Alimkuta mama yangu akisema mimi ni mtoto mgumu, akamjibu, "Mwaitu, hata mimi nimeona, ndiyo maana nimemchukua. Laini hawawezi hii kitu."

Sasa nieleze kitu ambacho alikipenda kuliko chakula.

Kituo cha afya kimoja, sitakitaja, kilikuwa kinatoa faili kila mwezi kuhusu chanjo. Nesi mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akamwomba atengeneze programu ya kusoma lile faili na kutoa listi: mama fulani, simu yake, mtoto wake fulani, chanjo anayokosa. Ili wapate kutumiwa ujumbe, badala ya mtu kukaa siku tatu akifunua daftari. Nesi akatupa faili la mazoezi lenye majina ya kubuni, Mwalimu akaligeuza kuwa darasa letu zima.

Faili lenyewe lilikuwa XML. Kwa asiyejua, XML ni maandishi tu, ila kila habari imewekewa lebo mbele na nyuma: hapa jina linaanza, hapa jina linaisha. Rahisi. Shida ni kwamba mle ndani mama ana lebo inayoitwa jina, na mtoto ana lebo inayoitwa jina. Mama ana tarehe ya kuzaliwa, mtoto naye anayo. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inashika jina lolote inalokutana nalo bila kuuliza ni la nani, kama mtu mwenye njaa. Mwalimu akaelekeza ujumbe wa majaribio kwenye simu yake, simu ikalia, akasoma kwa sauti mpaka agrovet wakasikia:

"Habari Baraka. Mtoto wako Kalondu, umri miaka ishirini na sita, hajapata chanjo ya surua. Mlete asubuhi akiwa amenyonya."

Mwenye agrovet alilazimika kukaa kwenye gunia.

"Huyu Kalondu akija hapa akiwa amenyonya," Mwalimu akasema akipangusa macho, "mimi nahama Makueni."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima na ile programu. Nikasema kompyuta ni ya kipumbavu. Hapo akaacha kucheka mara moja, akatoka mbele dukani, akasimama katikati ya wateja akaita, "Mutinda!"

Wanaume watatu wakageuka. Mmoja alikuwa nje kabisa, kwenye pikipiki.

"Umeona?" akaniuliza. "Hawa ni wapumbavu?"

"Hapana."

"Nimewaita vibaya." Akageuka. "Mutinda wa kwa Nzioka!" Mmoja akaitika, wawili wakarudi kwa shughuli zao. Yule aliyeitika akauliza kuna nini. "Hakuna kitu, wewe ni kipengele tu. Rudi."

Watu wa kwetu ndivyo tulivyo. Babu mmoja ana wajukuu kumi na mmoja wa kiume, na kila mtoto wake ametaka kumtaja baba, kwa hivyo ukiita jina moja kwenye harusi umesimamisha meza nzima. Hatuchanganyikiwi, kwa sababu kila mtu tunajua ni wa boma gani. Ndivyo Mwalimu alivyotueleza kile ambacho vitabu vya Java vinaita namespace. Yeye aliita boma, na hakuita kingine. Lebo ya jina iko kwenye boma la mama, na nyingine iko kwenye boma la mtoto. Na ule usomaji wa kawaida wa Java, ukiuchukua ulivyo, hauulizi mtu ni wa boma gani. Unaona herufi tu. Lazima uuambie kwa mstari mmoja, setNamespaceAware, iwe kweli. Mstari mmoja! Nilipouandika, na Kalondu akarudi kuwa mama, na Baraka akarudi kunyonya, nilipiga meza mpaka Mwende akaamka akalia, na Mwalimu akacheza. Namaanisha alicheza, na mabega, kile kitu ambacho kanisani wamekataza.

Hapo sasa tufike kwenye mambo ya Mwalimu yasiyolingana.

Alikuwa mkali wa saa. Ukifika dakika tano umechelewa, unasimama mlangoni kama mtoto wa Form One. Yeye mwenyewe alifika muda aliotaka, na akifika anasema, "Mnasemaje, nimechelewa au mmewahi?" Alikataza chai karibu na kompyuta, na kibodi yake ukiigeuza unapata punje za mahindi ya muthokoi za kutosha kulisha kifaranga. Alichukia watu wanaonakili programu ya mwenzao. Kabati lake lilikuwa na madaftari manane ya vitu alivyonakili kwa mkono kutoka mtandaoni, kila kimoja kimeandikwa juu, kwa wino mwekundu, "Si changu, lakini nimekielewa."

Alisema Mungu hapaswi kuombwa kuhusu makosa ya programu. Kuna kijana wa darasa letu alifunga macho kabla ya kubonyeza, akagongwa kichwani na rula. "Amekupa macho ufunge?" Lakini mimi nilimsikia, peke yake, akidhani tumeenda kunywa uji, akimwambia kompyuta kwa Kikamba, kwa upole kabisa, kwamba amevumilia vya kutosha na sasa ni zamu yake. Sijui aliyekuwa anaambiwa ni kompyuta ama ni Mungu.

Na kiondo. Kila mradi ulipoanza, Java ilitaka kupakua vipande vyake kutoka mtandaoni, na mtandao wa nyuma ya agrovet ulikuwa wa kusukuma na mkono. Sisi tunalaani. Yeye anatoa katani kwenye mfuko, anaanza kusuka. Alipima mradi kwa kiondo. "Ule wa kwanza ulikuwa mdogo, nilifika hapa tu," anakuonyesha nusu ya kiondo. "Ule wa chanjo umenipa viwili na kamba." Ukimuuliza lini programu itakuwa tayari anaangalia kiondo, si kalenda.

Kuhusu makosa, alisema kosa ni barua, na imeandikiwa wewe, sasa kwa nini unaifunga bila kusoma? Kuhusu kompyuta alisema haina dharau, haijui umeolewa au hujaolewa. Hii aliniambia siku ile akina mama wawili wa kanisa walipokuja kumwuliza, mimi nikiwa pale pale nikifagia, kama ni vizuri mzee wa kanisa kukaa na msichana wa tabia yangu. Mwalimu aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akawaonyesha skrini.

"Huyu msichana ameandika mistari mia tatu," akawaambia. "Hii hapa. Nionyesheni mstari wenye dhambi, nitamwambia aufute."

Walikaa dakika nzima wakiangalia. Mmoja hata alisogeza miwani. Halafu wakasema wamekumbuka wana mkutano.

Lakini usidhani alinibeba kama yai. Siku ya kichuguu alinifanya nitamani kurudi kwa kuku wa mama yangu.

Kila boma kwenye XML lina kitambulisho chake, kimeandikwa juu ya faili, na kimeandikwa kama anwani ya mtandao, na http yake na mikwaju yake yote. Mimi nikaona ile anwani nikasema, aha, huko ndiko kuna maelezo, Mwalimu anatuficha. Kwetu mtandao haukamati vizuri, isipokuwa nyuma ya kanisa kuna kichuguu kikubwa, ukipanda juu na kuinua simu unapata. Hapo ndipo kijiji kizima hupigia simu, na kuna foleni. Nikabeba mtoto, nikapanga foleni nyuma ya mtu anayebembeleza mke wake aliyeko Kitui, nikapanda, nikaandika ile anwani herufi kwa herufi. Ukurasa haupo. Nikaandika tena. Haupo. Nikajaribu siku tatu, asubuhi na jioni, nikidhani labda nakosea. Siku ya nne nikafika Sultan Hamud nikiwa nimewaka.

"Mwalimu, hili boma halipo! Nimeenda siku tatu!"

"Umeenda wapi?"

"Kwenye hii anwani. Nimepanda kichuguu na mtoto!"

Alinitazama. Nikaona mashavu yanavimba kama mtu aliyemeza hewa. Akasema pole pole, "Mama Mwende. Nani alikwambia huko ni kwa kwenda?"

"Si imeandikwa http?"

"Ni jina! Wametafuta jina ambalo halitafanana na la mtu mwingine duniani, wakachukua la namna ya anwani. Hakuna nyumba huko. Hakuna mlango. Hakuna mtu wa kukufungulia!" Na hapo akapasuka. Alicheka akiwa amelalia meza, akicheka kwenye karatasi, akanyanyuka na krayoni ya kijani imeshika kwenye shavu. "Asi! Na mtoto mgongoni! Umebisha hodi siku tatu!"

Nilimwambia hafai kuwa mwalimu. Nilimwambia mtu mzima hacheki mwenzake hivyo. Alikubali yote, akiwa bado anacheka, kisha akaenda mbele akanunua soda, akanipa, akaniambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuandikia anwani kama hiyo barua pepe, ya heshima kabisa, akiomba maelezo zaidi. Hajajibiwa mpaka leo. Sote wawili tukacheka tukashindwa kunywa soda.

Tangu siku hiyo nilijua jambo ambalo vijana wengi wenye diploma hawalijui: kitambulisho kirefu ndicho boma, na kile kiambishi kifupi kinachokaa mbele ya lebo kabla ya nukta mbili ni jina la utani tu. Mwezi mmoja kituo kikabadilisha, pale palipokuwa na m wakaweka ns2. Programu za wenzangu wote zikafa. Yangu ikasoma kama hakuna kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nimeshika kitambulisho kirefu, na jina la utani nilijiwekea langu mwenyewe. Mwalimu alipaka faili lile jipya rangi zile zile, akanipa mkono mbele ya darasa. Mkono tu. Nilienda nyumbani nikiwa nimeuweka mfukoni ule mkono nisiuchafue.

Mwaka huu mambo mawili yalitokea pamoja. Macho ya Mwalimu yakaingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, akafunga chumba akaenda kwa dada yake Nuu akatibiwe. Na kile kituo cha afya kikatangaza kinatafuta mtu mmoja wa kushughulikia faili za chanjo. Kazi, ya mwezi kwa mwezi, na kiti na meza. Mwende sasa yuko nasari, ana miaka minne na maswali elfu, tunalala kitanda kimoja na mama yangu, na mimi mwezi uliopita mama aliniambia nitafute pa kwenda kabla mvua haijaanza. Kwa hivyo ile kazi niliitaka kwa meno.

Tukabaki wawili, mimi na kijana mmoja wa chuo kutoka Nairobi. Nesi mkuu akatutumia faili la mtihani, majina ya kubuni. Tumwandikie programu, tutume listi kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Na akasema wazi: kila mtu afanye peke yake. Alijua nina Mwalimu, akampigia. Jioni hiyo Mwalimu akanipigia mimi.

"Nesi ameniuliza, na nimemwapia mbele ya Mungu kwamba sitakusaidia."

"Sawa, Mwalimu."

"Usiniulize kitu."

"Siulizi."

"Hata ukilia."

"Kwani umewahi kuniona nikilia?"

Jumanne nililia. Programu ilikuwa inasoma, inamaliza bila kosa lolote, inatoa listi. Watoto wote walikuwepo, na chanjo zao, vizuri kabisa. Mama hakuna hata mmoja. Listi nzima ya watoto, na mahali pa mama ni patupu, mstari kwa mstari. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile. Jumatano, watoto tu. Alhamisi nikamwachia mama yangu mtoto wangu, nikabeba laptopu na trei ya mayai, nikalala Mwingi kwa shangazi, na Ijumaa saa tatu asubuhi nikawa Nuu. Kumsalimia mgonjwa. Hata mtakatifu angeenda kumsalimia mgonjwa.

Nilimkuta amekaa sebuleni kwa dada yake, jicho moja limefunikwa pamba na plasta, la pili ambalo bado halijatibiwa halioni zaidi ya mwanga na kivuli. Mtu aliyekuwa anavaa miwani mbili sasa hana hata moja. Alikuwa amepungua. Nilisikia vibaya, nikasimama mlangoni.

"Nani anakanyaga chini kama aliyeonewa?" akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mama Mwende. Umekuja kunisalimia ama kunitega?"

"Kusalimia. Nimeleta mayai."

"Na laptopu."

"Umejuaje?"

"Umeiweka mezani kabla ya kunipa mkono."

Nikampa mkono. Nikamwuliza habari ya jicho, akasema daktari amemkataza kuinama, kunyanyua vitu, moshi na kusoma. Moshi na kuinama hana shida, lakini kusoma! Dada yake anamwekea redio, kutwa nzima ni mahubiri na matangazo ya mnada wa mbuzi. "Wiki mbili," akasema. "Nakaribia kununua mbuzi." Saa ilikuwa inaenda, mimi naangalia laptopu bila kuifungua, yeye anaangalia dirisha asiloliona.

"Nisomee kitu," akasema.

"Biblia?"

"Biblia naijua. Nisomee kitu chenye mabano."

"Mwalimu, ulimwapia Nesi."

"Nimesema unisomee. Sijasema uniulize."

Nikafungua faili la mtihani. Nikaanza. "Fungua, mama. Fungua, jina. Ndinda Muli. Funga, jina. Fungua, simu..." Nilijiona mjinga kwa dakika moja, halafu ikawa kama kuimba. Fungua, t, nukta mbili, mtoto. Fungua, t, nukta mbili, jina. Yeye anatikisa kichwa kwa kila funga. Dada yake alipita na sufuria, akasimama, akaenda zake.

"Simama," Mwalimu akasema. "Umeanzia wapi?"

"Kwa mama wa kwanza."

"Nimeuliza faili linaanzia wapi."

"Juu kabisa? Juu kuna zile takataka za xmlns, halafu..."

"Takataka?"

"Si takataka. Ile mistari mirefu ya kutaja boma."

"Mimi ni mgonjwa na umenipunja. Nisomee takataka."

Nikapanda juu ya faili, nikasoma. Xmlns, nukta mbili, t, sawa na, na ile anwani ndefu ya boma la watoto. Na kabla yake, xmlns, bila nukta mbili, bila herufi yoyote, sawa na, na anwani ndefu ya boma la mama. Nilisoma herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

"Hao mama wasio na kiambishi mbele," Mwalimu akasema, akiongea na dirisha, "wana boma ama hawana?"

"Wanalo. Limeandikwa juu, la wote wasio na kiambishi."

"Sijakuuliza, nilikuwa naongea peke yangu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa nimefungua faili, nikaona watoto wana t mbele na mama hawana kitu, nikasema basi hawa mama hawana boma, nikatoa kiambishi kwenye programu yangu pia. Nikawa naita mama asiye na kwao. Na mle ndani hakuna mama asiye na kwao, wote wana kwao, sasa nani angeitika? Mimi! Mimi ambaye nusu ya Malili wamesema mtoto wangu hana kwao, nimechukua akina mama mia mbili nikawaambia vivyo hivyo, kwa sababu sikuona kitu kimeandikwa mbele ya majina yao.

Nilitoa neno moja ambalo dada yake hakupaswa kulisikia. Nikaandika. Nikawapa mama kiambishi changu, m, nikakifunga kwenye ile anwani yao ndefu. Nikabonyeza.

Wakaja. Ndinda Muli, simu yake, mtoto wake. Wa pili. Wa tatu. Skrini ikajaa mama mpaka ikaanza kukimbia.

"Wamefika!" nikapiga kelele. "Mwalimu, mama wamefika! Wote!"

"Mama gani?" dada yake akauliza kutoka jikoni. "Tutapika nini?"

Saa tano na dakika ishirini nikatuma listi. Mtandao ulikuwa vijiti viwili, nikasimama kwenye kiti nimeinua simu, Mwalimu akinishika sketi nisianguke, yeye aliyekatazwa kunyanyua kitu. Ikaenda. Tukakaa. Tukanywa chai. Mwalimu akaniuliza habari za Mwende, nikamjibu hata sijui nilisema nini. Saa sita na nusu simu ikatetemeka, nikaisoma kimya kwanza, halafu kwa sauti, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inasubiri.

"Nimepokea. Yako ina akina mama ndani. Jumatatu uje na kitambulisho na vyeti, uanze."

Nilipiga magoti pale kwenye simenti nikamshika mikono. Nikamwambia asante. Nikamwambia asingenisaidia ningekuwa nimekwisha.

"Nani amekusaidia?" akasema kwa ukali, akitoa mikono yake. "Nimeapa mbele ya Mungu. Mimi ni mgonjwa, nimeomba kusomewa, na kusoma umesoma wewe."

"Mwalimu!"

"Na hujamaliza. Umeniacha katikati. Yule mtoto wa Ndinda Muli, alipata ile chanjo ya mwisho ama hakupata?"

"Mwalimu, Ndinda Muli hayupo. Nesi amemtunga."

"Najua ametungwa," akasema, akikaa sawa kwenye kiti na kukunja mikono. "Alipata ama hakupata?"